Ishirini na Tatu

Nimezima swichi kuu, Meirion. Nimeizima mara mbili:
ya kwanza kwa mkono, ya pili kwa kurudi kuhakikisha,
kama ulivyokuwa ukirudi kuushika mlango wa nyuma
hata tukiwa tumeshafika kwa kina Prydwen, chini ya kilima.
Testa haikuwaka. Nyumba kimya jii.
Nje Bethesda yote imelowa,
mapaa ya mawe yanang'aa kama sufuria zilizosuguliwa.

Nimevaa koti lako la machimbo juu ya sweta mbili.
Mezani kuna kisanduku alicholeta Gwilym:
kidhibiti-joto kipya, cheupe,
chepesi kama sabuni iliyotumika wiki mbili,
na karatasi ya maelekezo, lugha kumi na moja,
lugha yetu haimo.
Gwilym alitaka kuja Jumamosi. Nikamwambia
nimeshona mapazia ya kanisa zima kwa cherehani ya mguu,
waya tatu hazinishindi.

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikaa ndi ndi ndi,
imeshikwa na rangi ya miaka thelathini.
Nikaikwangua kwa kisu cha siagi
(ndiyo, kile cha mama yako).
Kikabanduka, kidude cha duara, rangi ya chai ya maziwa,
nilichokizungusha kila usiku baada ya taarifa ya habari
kutoka kumi na nane yako hadi ishirini na tatu yangu,
nawe ukiguna nyuma ya gazeti:
"Haya, umeshinda."

Karatasi inasema nitakuta waya tatu, kila moja na kituo chake:
moja inaleta umeme,
moja inaupeleka kwa boila ikihitajika,
na ya bluu, ya kurudi, ambayo kifaa kipya hakina haja nayo:
izibwe mdomo, isikatwe.
Sikukuta hivyo.
Nimekuta nyekundu na njano zimesokotwa pamoja,
zimebanwa, zimefungwa utepe mweusi
mizunguko saba, nadhifu.
Utepe wako. Mizunguko yako.
Na kidude hakikushikwa na waya hata moja.

Nikakaa kwenye ngazi.
Miaka kumi na mmoja? Kumi na mitano?
Nilikuwa nazungusha sahani tupu!
Boila ikifuata saa yake tu, na wewe
kule kabatini ukiipangia kwa kidole gumba,
kisha unakuja kukaa, unanivika kilemba cha ukoka,
na mimi navua sweta.
Haki ya Mungu, Meirion, nilikuwa navua sweta.
Nilisikia joto likinipanda tangu vidoleni.

Nimekutukana kwa sauti. Paka akaondoka.
Halafu nimecheka mpaka bisibisi ikadondoka.
Halafu nikakumbuka mwaka ule machimbo yalipopunguza watu
na bili ya gesi uliyoificha ndani ya kitabu cha tenzi.
Niliiona. Nikaimba,
nikafunga kitabu, sikusema.

Basi. Nimekata utepe.
Nyekundu nimeitia kituo cha kati,
njano kwenye kile wanachokiita "wazi kwa kawaida";
ungesema humu ndani hamjawahi kuwa na kitu cha namna hiyo.
Bluu nimeiziba. Betri mbili. Nikawasha umeme.

Kioo kikaandika kumi na tatu.
Nikabonyeza, nikabonyeza, nikafika kwenye namba yangu.
Ta.
Boila ikakohoa, ikashika, ikavuma,
mabomba yakaanza kugonga
kama mtu anayepanda na buti bila kuzivua.

Sasa ni saa tatu usiku. Nimevua koti. Nimevua sweta zote mbili.
Paka amelala kwenye vigae vya jikoni, miguu juu.
Nimefungua dirisha, mvua inaingia.
Kumbe ishirini na tatu ndiyo hii! Hailaliki.

Nimeshusha hadi kumi na tisa.
Kumi na tisa, nimesema.
Usianze.