Kugawa kwa Milioni Tatu

Mkurugenzi anataka jibu Ijumaa:
tuikarabati, au tuing'oe.
Wauzaji wa ile mpya wamekuja na kalamu za bure,
na picha zinazong'aa ukutani,
wakaiita ya kwetu kikongwe, mbele yake,
kana kwamba haisikii.

Ofisi ya malipo, nyuma ya karakana za reli, Lubumbashi.
Mwezi wa tisa. Vumbi jekundu mpaka kwenye kibodi.
Usiku nimeifungua mstari kwa mstari,
kama mtu anayefumua sweta ya marehemu
apate uzi.

Ndani bado inahesabu kwa zaire.
Kila mshahara, kabla haujatoka,
hugawanywa kwa milioni tatu,
kisha kwa laki moja,
ndipo uitwe faranga.
Fedha mbili zilifia humu, hakuna aliyezizika.
Sisi watoto tulichezea duka kwa noti zake.

Papa Kalenga aliyeiandika hakuacha kitabu.
Aliacha mstari wa elfu nne na kumi na saba:
namba hizi kumi na moja, usikate, lipa.
Na pembeni, maneno mawili:
Usiguse. Niliahidi.

Alimwahidi nani?
Mujinga wa masijala alihesabu kwa vidole, akakwama kwenye saba:
wajane wa behewa lililopinduka kabla sijazaliwa.
Hakuna agizo. Hakuna muhuri. Faili lililiwa na mchwa.
«Watatu bado huja,» akasema. «Mmoja hushikwa mkono na mjukuu.»

Ile mpya haina kisanduku cha ahadi. Nimeuliza.
Kijana wa kalamu akatabasamu:
«Kila kitu kinawezekana, mama. Kwa bei yake.»

Ila ya kale nayo tusiipambe.
Mwezi jana ilimlipa maiti mara mbili,
ikamnyima Ngoie wa breki posho ya mtoto wa tano
kwa sababu haijui watoto kupita wanne.
Umeme ukikatika huamka imesahau Jumanne.
Anayejua kuiamsha ni mmoja tu,
naye ana presha, naye ndiye anayeandika haya.

Basi nimeandika: ing'olewe.
Polepole. Zilipe pamoja miezi sita, ya kale na mpya,
tulinganishe senti kwa senti.
Na mstari ule utangulie kuhama,
uhame na majina, si namba.

Majina saba ninayo.
Manne nimeyaachia nafasi.
Jumamosi naenda Katuba kuuliza.