Namba Moja ya Akiba

Barua ya kwanza haikusema hapana.
Ilisema: akiba, namba moja.
Baba aliisoma wima, theluji ikimyeyukia kwenye buti,
akauliza akiba maana yake nini,
kama kabichi ya chumvi iliyo pipani
au kama mimi.

Nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja.
Nakala za vyeti, mihuri ya Čadca,
mdhamini wa kwanza, mdhamini wa pili
(profesa aliyenifundisha miaka mitatu
akaniandika Dorotea, na mimi ni Otília),
na kisanduku kimoja kilichonikodolea macho hadi alfajiri:
*Eleza, kwa maneno mia tatu,
kwa nini lazima iwe ughaibuni.*

Niliandika kuhusu ufa.
Jinsi unavyotembea ndani ya kauri,
unavyosita penye chembe, unavyokata kona,
na kwamba kule Riga wana darubini
ya kuuona ungali safarini.

Sikuandika kuhusu chungu cha jikoni kwetu
kilichofungwa waya na babu wa baba,
fundi wa Turzovka aliyefika Riga kwa miguu,
koili za waya mgongoni, kitunguu mfukoni,
akinadi vichochoroni: leteni vilivyopasuka!
Yeye hakutakiwa mdhamini.
Hakuna aliyemwekea tarehe ya kurejea.
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi hatukuwa hata na pa kujenga ukuta.
Tulishona.

Simu ililia Agosti, Alhamisi,
niko juu ya ngazi nachuma plamu.
Mama wa ofisi ya Bratislava, sauti kavu kama risiti:
kuna aliyejitoa.
Una hadi kesho saa sita mchana.
Nilishuka bila kuhesabu vipandio.
Mama alilia ndani ya aproni.
Baba alitoka kwenda kumwambia jirani,
kisha akavuka barabara
kumwambia jirani ambaye hawasemezani.

Usiku ndipo neno lile lilipokuja
likakaa ukingoni mwa kitanda changu:
aliyejitoa.

Nchi yetu ni ndogo;
siri hupanda treni moja na mwenye siri.
Haikupita wiki nikalijua jina.
Emerika Vrabcová, wa Snina, mashariki kabisa,
mwaka mmoja mbele yangu chuoni,
mikono yote makovu ya tanuru.
Nilimwandikia mistari miwili, nikaifuta,
nikaiandika vilevile.

Jibu lilichukua siku tisa.
*Mama amepooza upande wa kushoto.
Ruzuku inalipa chumba, bima, nauli kwa risiti.
Nimeisoma mara mbili. Haina kifungu
cha kumgeuza mtu kitandani.
Usiniombe radhi, utanichosha.*
Kisha chini, kwa wino mwingine,
kama mtu aliyeondoka mezani akarudi:
*Nimekutumia kigae kwa posta.
Kilipasuka mikononi mwangu mwezi Machi.
Nataka kujua ufa wake ulikuwa unakwenda wapi.*

Kimefika leo, kwenye boksi la dawa,
kimezungushiwa gazeti la huko kwao
lenye matokeo ya mpira na tangazo la mazishi.
Si kikubwa kuliko kiganja.
Ufa unaanzia pembeni, unapinda,
unafika karibu na katikati
na hapo unasimama,
sijui kwa nini.

Fomu ya mwisho, ya vielelezo vya maabara,
inauliza: mmiliki ni nani?
Nimeandika jina lake lote, na Snina,
na namba ya nyumba.
Kisanduku hakikutosha; nimemalizia pambizoni.

Kesho treni ni ya saa kumi na moja alfajiri.
Baba ananing'inizia sanduku
kwenye mizani yake ya viazi.
Zinaruhusiwa kilo ishirini na tatu.
Anavaa miwani, anainama:
ishirini na tatu na robo.

Natoa buti za pili.
Kigae kinabaki ndani ya soksi zake za sufi.