Jino la Pembe

Kwanza ilikuwa sauti nyembamba chini ya kiti,
baada tu ya daraja la Sabaki.
Nikikanyaga moto, inalia.
Nikiachia, inanyamaza
kama mtoto anayejua anasikilizwa.
Mwezi mzima nikaitibu kwa redio,
magunia ishirini na tano ya chumvi mgongoni,
Gongoni hadi Malindi, Malindi hadi Gongoni,
mpaka siku niliporudi nyuma pale sokoni
ikagonga kdu!
na muuza ndimu akageuka kuniangalia mimi, si gari.

Lali Famau wa gereji ya Maweni,
sikio lake la kushoto halina kazi
tangu tairi la lori limpasukie;
la kulia anasema analiwekea akiba.
Akainua ekseli juu ya stendi.
"Kaa ndani. Gia ya tatu, taratibu."
Akajilaza chini, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye difu
na mpini akauuma.

Nilidhani anatania.
Kumbe anasikiliza kwa mfupa,
meno yakiyasikiliza meno.
"Beringi nzima," akasema, akitema grisi.
"Wanaolia ni wawili. Oili uliibadilisha lini?"
"Kabla ya Ramadhani."
Akafungua kizibo cha chini.
Kilichotiririka kilikuwa cheusi, kinametameta vumbi la fedha,
na sumaku ya kizibo ilikuwa imeota ndevu,
ndevu za chuma, laini, ndefu.
Akanipa nizishike.
Hakuuliza Ramadhani ipi.

Nilikuwa nimekuja na pinioni, nimeifunga gazeti,
bei ya huruma, kwa muuza vyuma wa Kisumu Ndogo.
Akaigeuza juani, akanirudishia,
na kwa kuwa ndivyo alivyo, akaghani huku akifuta mikono:

Krauni na pinioni, ni pacha tumbo la mama,
Ukimtoa mwendani, wa pili hatasimama,
Wakuuzao dukani, mmoja, hao si wema,
Meno yaso ujirani, husagana yakakoma.

"Na jino la pembe," akaongeza,
"hilo mwalimu wako alikwisha kukwambia."

Tukaenda Mambrui, uani kwa Bi Nyevu,
ambako pikapu iliyofumwa uso na lori la kokoto
imelala mwaka wa pili: mbele hakuna kitu, nyuma nzima,
kuku ametaga kiti cha dereva.
Lali akahesabu meno kwa kidole:
arubaini na moja kwa kumi.
Akahesabu tena, maana kuku alimchanganya.

Kisha siku mbili za shimu,
vibati vyembamba kama ganda la kitunguu.
Weka, kaza, pima, toa.
"Mchezo wake usizidi unywele mmoja na nusu,"
akaning'oa mmoja kidevuni ili nikijue kipimo.
Akayapaka meno ya krauni dawa ya meno,
ile ya mistari myekundu,
akazungusha kwa mkono, akasoma.
Alama imekaa pembeni. Fungua.
Alama imezama shinani. Fungua.
Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda, tukarudi,
fungua.
Mara ya nne ikaketi katikati ya jino,
umbo la kokwa ya tende.
Hakutabasamu. Aliomba sabuni.

Nilimlipa nusu pesa, nusu chumvi,
na deni lililobaki tuliliita Jumamosi.
Tukavuka Sabaki, moto chini, redio nimezima.
Kimya.
Kimya hata nikaanza kusikia vingine:
maji yanacheza kwenye dumu,
taya zangu mwenyewe, jinsi ninavyozisaga nikiendesha,
na mahali fulani, kushoto, kitu kinachekacheka.
Nikamtazama Lali.
Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kioo, macho kafumba.
"Huo ni mlango," akasema.
"Lakini pitia Jumatatu."