Lita za Kisumu

Abiria watakwambia kilomita.
Rubani atakwambia saa.
Mimi niulize lita.

Miaka tisa sasa navuta mpira wa mafuta
chini ya mabawa pale Embakasi,
baridi ya Julai ikining'ata vidole ndani ya glavu,
nami naijua miji kwa kiu yake.
Mumbai hunywa mpaka mkono wangu ufe ganzi.
Johannesburg hunywa kama mgeni wa harusi.
Mombasa, bilauri mbili tatu.
Kisumu —
Kisumu hulamba tu.
Lita elfu moja na ushee,
pamoja na akiba ya kuzunguka hewani
endapo ziwa limejifunika ukungu.

Dakika arobaini na tano.
Nyamweya, msimamizi wetu, husema
hapo hata chai haipoi:
mnapaa, mnauona Longonot umeachama,
mnaambiwa fungeni mikanda tena.

Mimi imenichukua miaka kumi na mmoja.

Si barabara. Barabara naijua,
Limuru, Gilgil, miteremko ya Kericho,
Ahero na harufu ya mpunga,
saa nane ukibahatika.
Ni ng'ombe.
Baba aliuza saba ili nisomee urubani pale Wilson.
Ng'ombe saba walinirusha saa kumi na nne kwa jumla,
halafu pesa ikatua kabla yangu.
Sikumwambia.
Nikaomba kazi ya mpira,
nikatuma picha nimesimama kando ya injini,
na kule Rabuor, kila mlio ukipita juu,
boma zima hutoka nje
kumpungia mwana wa Oyugi.

Juzi Akeyo, dada yangu, alipiga simu:
macho ya mzee yameingia utando,
sasa hupungia sauti.

Nikakata tiketi. Kiti cha dirishani.
Chini nikamwona Mwende
akiuvuta mpira wangu,
nikahesabu naye kimoyomoyo,
mia mbili, mia nne, mia sita,
mpaka akainua kidole gumba
bila kujua anamwinulia nani.
Chai kweli haikupoa.
Sikuinywa vilevile.

Akeyo alikuwa amemleta mpaka langoni,
kofia ya ibada, fimbo,
na majirani wawili waliokuja kumwona rubani.
Baba akashika mkono wa koti langu la kazi
(sina jingine la baridi),
akaunusa taratibu,
kama anavyonusa mahindi kabla ya kuyatia ghalani.
"Koroboi," akasema.
Akanyamaza.

Nikajua amejua.
Maana mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa,
na ni kwa harufu hiyo alinisomesha,
mimi na hesabu zangu za kugawanya,
pua imejaa masizi,
yeye amekaa mkabala akipunguza utambi
ili tufike Ijumaa.

Jirani mmoja akashindwa kungoja:
"Rubani, toka Nairobi mpaka hapa ni muda gani?"
Baba akageuza uso upande wangu,
naye anangoja.

"Dakika arobaini na tano."

"Ala," akasema baba,
mkono bado umeshika koti,
"kumbe si mbali."