Mia Sita na Hamsini

Niliitwa kwa ajili ya baridi.
Mtambo wa kupoza ulikuwa umekata pumzi
kwenye kiwanda kidogo cha bia, Nyali,
nyuma ya duka la vigae,
na mwenyewe, Mbodze, alisimama mlangoni
na kipimajoto mkononi
kama mama wa mtoto mwenye homa.

Nikafungua kifuniko, nikalala chali chini ya mabomba,
na kutoka huko chini
nikausoma ubao wa chaki:
Ukwaju Mweusi, glasi moja, mia sita na hamsini.
Mia tano ilikuwa imefutwa kwa kidole
ila haikufutika vizuri,
imebaki nyuma ya bei mpya
kama kovu chini ya poda.

Mia sita na hamsini!
Mimi hesabu zangu ni za tumbo:
unga pakiti tatu na kilo ya sukari;
au mangweni kwa Ngowa, Mtopanga,
chupa saba, chenji ya ishirini,
na mtu wa kukushika mkono ukivuka mtaro.

Nikamwuliza, nikiwa bado chini:
"Dada, hii bia inasomesha watoto?"

Akacheka. Akahesabu kwa vidole vinavyonuka chachu:
shayiri inapita bandarini na kila meza ina mdomo wake;
hopsi inatoka ng'ambo, inataka dola;
ushuru umepanda hata hajamaliza kusoma
barua ya ule wa kwanza;
na ukwaju, ukwaju wa hapa hapa Kongowea,
siku muuzaji alipojua unakwenda kwenye bia
ulivaa viatu.
"Na baridi," akasema, akinitazama.
"Baridi ndiyo ghali kuliko vyote."

Hapo nikanyamaza.
Bei yangu nilikuwa nimeshaiandika nyuma ya kadi:
elfu saba, gesi ndani yake.
Mwaka jana ningesema tano.
Gesi imepanda, shaba imepanda,
goti la kushoto nalo linadai.

Akaisoma kadi. Nikamsubiri aanze,
punguza fundi, sisi si watu wa nyumbani?
Nilishajiandaa kushuka hadi sita.
Hakusema kitu.
Alihesabu noti saba, moja moja,
na mimi nikashikwa na aibu nisiyoitegemea.

Maana Ngowa alipotaka kutoa chupa themanini
aifikishe mia,
tulimfanyia fujo, mimi wa kwanza.
Tukamwita mnyonyaji, tukamtupia
ile methali ya mgema na maji yake,
mtu anayepanda minazi ishirini kabla jua halijatoka
na ishirini ile ile jioni,
kamba kiunoni imeshonwa mara mbili.
Alijibu neno moja tu: "Basi njooni mpande."
Hakuna aliyepanda.
Tukamlipa tisini.

Nikachomoa noti moja katika zile saba,
ingali na joto la mkono wake,
nikaomba glasi, nikaketi juu ya kreti.

Sitawadanganya. Mwanzo ni uchungu,
uchungu wa kidonge kilichokwama kooni.
Halafu ukwaju ukaja taratibu kwa nyuma,
nikamwona marehemu mama
akizikamua kokwa ndani ya bakuli la bati,
mwezi wa Ramadhani wa majirani,
sisi tukisubiri kama wafungaji.
Ni nzuri? Nzuri.
Ni nzuri mara saba kuliko mboko ya Ngowa?
Ulimi wangu haujui kuzidisha.
Mtambo nyuma yangu ukaanza kunguruma,
nikamaliza glasi, sikuongeza.

Kesho yake jioni nikapita mangweni.
Nikanywa chupa moja, nikaweka mia.
Ngowa akanirudishia kumi.
Nikaisukuma ile sarafu upande wake wa meza.
Akaigeuza, akaitazama pande zote mbili,
akaniangalia machoni kwa huruma.
"Fundi," akasema, "leo umelewea wapi?"