Sekunde Nne

Ijumaa usiku tulifika Ruhija, baridi inatafuna masikio.
Nantongo alivaa soksi mbili mbili.
Opolot, mstaafu wa ofisi ya ardhi,
alitufungulia daftari mezani, kando ya taa:
ndege mia sita na kumi na wawili.
Anamtaka wa kumi na tatu.
Wa kijani, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
kooni rangi ya samawati, kama kapakwa chaki.
Alilitaja jina lake
jinsi mtu anavyomtaja mdeni wake.

Mimi ni mfamasia. Nimezoea vitu vinavyotulia rafuni,
vyenye lebo, vyenye tarehe ya kwisha.
Nilikuja kwa kuwa Nantongo alilipia nafasi mbili
na mumewe akaumwa mgongo.

Alfajiri, Tukamushaba anatutangulia,
buti za mpira hadi magotini, panga kwapani.
Anausikiliza msitu
kama mama anavyosikiliza chumba cha pili.
"Shorobo," ananong'ona,
tunaona bawa jekundu tu, njiti ya kiberiti, limezimika.
"Hondohondo." Huyu hahitaji kidole,
anapita juu yetu akikung'uta blanketi zito.
Njia inashuka, inashuka,
na kila hatua ya kushuka tumeikopa.
Kinyesi cha tembo kingali na mvuke: tukakizunguka kwa heshima.
Siafu: tukacheza ngoma isiyo na mpigaji,
Opolot, mtu mzima, suruali kaichomeka ndani ya soksi.

Chini kabisa, kinamasi cha Mubwindi.
Tukakaa. Saa moja. Saa mbili.
Chapati yangu ya mayai ikapoa mfukoni,
nikaona haya kuifungua, karatasi isije ikapiga kelele.

Ndipo Tukamushaba akanishika kiwiko.
"Mti wenye ndevu. Tawi la pili.
Kushoto kwa jani lililooza."
Nikainua darubini, pumzi yangu mwenyewe ikaziba vioo.
Nikafuta kwa ncha ya kitenge. Nikainua tena.
Jani lililooza nililiona vizuri sana.
Mpaka leo naweza kulichora.
Nyuma yangu Opolot alitoa sauti ndogo,
ya mtu aliyekalia sindano,
kisha akavua kofia.
Sekunde nne, walisema.
Labda tano.

Kupanda tulilipa deni lote, na riba.
Usiku akaniuliza, kalamu mkononi,
"Nikuandikie na wewe ukurasa?"
Nikamwambia sitoi dawa nisiyoiona.

Jumapili, Bunyonyi.
Ngabirano, mwenye mtumbwi, akatufafanulia jina la ziwa:
mahali pa vijidege.
"Vidogo vidogo," alisema, akitema maganda ya muwa,
"ndiyo maana hakuna anayevihesabu."
Opolot kalala, mdomo wazi, kazi yake imekwisha.
Juu kwenye matuta ya viazi korongo-taji wawili
na mama anayepalilia,
hakuna kati yao aliyeinua kichwa.

Na kwenye matete, kwera.
Dume mmoja, wa njano, kiota chake kimepinda.
Jike akaja, akavuta uzi mmoja,
akaondoka.
Dume akakitazama. Akakifumua chote,
mpaka fundo la mwanzo,
akaenda kuchana jani jipya.
Nilimtazama hadi mkono ukafa ganzi.
Hakuna aliyeniambia nitazame.
Vioo havikuziba.

Jumatatu, Mbarara, duka limejaa,
Nantongo anapiga simu: Opolot bado anauliza,
ameniachia ukurasa mtupu.
Mwambie aandike, nikasema:
kwera, mmoja, dume,
Bunyonyi, dakika thelathini na tano.
"Huyo anaye," akacheka, "anaye tangu themanini na moja!"
Nilijua.
Mteja alikuwa akingoja vidonge vyake ishirini na moja.
Nikafika kumi na sita, nikapotea,
nikavimwaga vyote kwenye sahani,
nikaanza upya.