Dakika Arobaini na Moja

Godlisten, mtoto wa dada yangu, alinitengenezea tovuti
wakati wa masika, duka likinuka soksi na ukungu,
majaketi thelathini na mawili yakining'inia ukutani
kama watu waliowahi msibani kabla hata maturubai hayajafungwa.
Akapachika humo kihesabio.
Mama mdogo, akasema, sasa utajua nani kachungulia
hata kama hakubisha hodi.

Siku ya kwanza, sifuri.
Ya pili, sifuri, na umeme ukakatika.
Ya tatu, wageni kumi na mmoja!
Nikamwita Anaeli wa duka la vipuri aje ashuhudie,
nikamnunulia na soda.
Godlisten akatazama kioo, akajikuna shingo:
Tisa ni wewe, Mama mdogo,
kwa simu, kwa kompyuta, ukifungua kuona kama wamefika.
Wawili ni mimi.

Anayehesabu nyayo uani kwake
aanze kwa kufuta zake.
Akanichuja. Nikatoweka kwenye namba,
na namba, kwa mara ya kwanza, ikasema kweli:
mbili. Kisha tano.

Halafu ikaja shida ya saa.
Ripoti ilisema wengi hufika saa tatu,
basi nikadamka, nikafagia, nikakaa na chai.
Kumbe saa tatu yake ni saa tisa yangu, usiku wa manane,
na hiyo nayo ilitegwa kwa majira ya ng'ambo
wasikojua jogoo wa Majengo anawika lini.
Tukairekebisha. Ilichukua kubofya mara nne
na ugomvi mmoja.

Si kwamba sijui kuhesabu.
Miaka kumi na tisa nina daftari:
Jaketi namba saba, Mjerumani, limerudi bila zipu.
Fimbo jozi moja, imerudi moja.
Lakini daftari halikuwa na safu
ya mtu aliyetazama akaenda zake.
Huku wamo. Yumo wa Bergen
aliyetafuta buti namba arobaini na saba,
akasoma ukurasa hadi chini, akaondoka.
Sikuwa nayo arobaini na saba. Sikujua kuna miguu hiyo duniani.
Jumamosi nikaenda Memorial, nikachambua mitumba hadi mgongo ukalia,
nikapata jozi moja, nzito kama mtoto wa mwaka.
Bado ipo rafuni.

Juma la tano wastani wa kukaa ukaruka: dakika sita!
Watu wanasoma, Godlisten akashangilia.
Mimi nikafungua mstari kwa mstari,
kama ninavyokagua mifuko ya majaketi yanaporudi.
Mgeni mmoja. Marangu. Jumapili, baada ya ibada.
Ukurasa wa Kuhusu Sisi.
Dakika arobaini na moja.
Na Jumapili iliyotangulia, thelathini na nane.

Nikampigia mama.
Ndiyo, nakuangalia, akasema.
Ile picha umesimama mlangoni.
Naiegemeza simu kwenye chupa ya chai, tunakaa.
Ikitaka kuzimika naigusa kwa kidole.

Bibi anaharibu wastani, Godlisten akasema. Tumchuje.
Kihesabu hakukosea.
Kidole chake kilishafika kwenye kitufe.
Nikamwambia, mfungulie ripoti yake.

Kwa hiyo sasa ninazo mbili.
Moja ya biashara, naisoma Jumatatu, ina safu sita
na mshale unaopanda na kushuka, na siuogopi tena.
Nyingine ina mstari mmoja.
Naifungua Jumapili jioni, duka likiwa limefungwa.

Jumapili hii mstari ulisema dakika tatu.
Nikausubiri. Nikafungua upya, nikafungua upya.
Tatu.
Asubuhi nikabandika karatasi mlangoni, Nimetoka,
nikamwachia Anaeli funguo,
nikapanda Marangu.